Jiwe Alilolilamba Fundi Najua

Chai ilipoa upande mmoja tu. Ndivyo balaa lilivyoanza, na ukicheka sikulaumu, kwa sababu hata binti wa mwenye chai alicheka.

Mwenye chai alikuwa fundi wa kukata vito, mwenye kakiwanda kadogo nyuma ya nyumba yake, chumba kimoja chenye mashine ya kusagia, taa ya mezani na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Najua. Jina hilo hakupewa kwa heshima. Ukimwambia habari yoyote, jibu lake ni moja: najua. Ukimuuliza njia ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga, atakuelekeza kona kwa kona, tena kwa kujiamini, nawe utapotea vizuri kabisa. Neno "sijui" lilikuwa kama mwiba kooni mwake. Mkewe, fundi cherehani, alikwishachoka kumsema.

Basi asubuhi hiyo kashika kikombe kwa viganja viwili. Cha kulia kinaungua, cha kushoto kimeganda kwa baridi. Akakizungusha kikombe, labda udongo wake mbovu. Wapi! Upande wa kushoto ukabaki na baridi yake na wa kulia na moto wake, kana kwamba kikombe hakikuzungushwa.

"Mama Kasuku, hii chai umeipika vipi?"

"Kwa maji na majani, kama jana."

"Upande huu imepoa."

"Basi kunywa upande wa pili, mume wangu, mimi nina gauni la watu hapa."

Binti yao akaangua kicheko mpaka mkate ukamtoka mdomoni. Huyo ndiye Kasuku, miaka saba, mtoto wao wa pekee. Walimwita Kasuku kwa kuwa kutwa nzima ni maswali. Kwa nini paka hana nyusi? Kwa nini kiatu cha kulia hakiingii kushoto? Na baba, mnamjua tena, ana jibu la kila kitu. Kila jioni walikuwa na mchezo wao. Kasuku atasimama mlangoni pa kiwanda, mikono kiunoni, aulize, "Baba, mimi ni wa nani?" Naye bila kuinua macho kwenye mashine atajibu, "Nusu wangu, nusu wa mama yako." Mtoto atacheka, atakimbilia cherehani kwenda kumwambia mama. Kila jioni, jamani. Mama alikuwa akisema siku wakisahau mchezo huo nyumba haitalala.

Sasa turudi nyuma siku tatu kabla ya hiyo chai.

Alikuja dalali, mtu mwembamba, mzungumzaji, mwenye jiwe ndani ya kitambaa. Akalifungua mezani. Fundi alikuwa ameshika vito miaka ishirini na miwili, lakini hapo aliisogeza taa karibu. Lilikuwa jiwe ghafi la ukubwa wa kidole gumba, lenye rangi mbili: nusu zambarau, nusu njano. Na hazikuchanganyika hata kidogo. Zilikutana katikati kwa mstari ulionyooka, utadhani mtu kapiga rula.

"Hilo lina hadithi yake," dalali akaanza, maana mawe ya namna hiyo huuzwa na hadithi zake. "Kulikuwa na majini wawili wa kike, ndugu wa baba mmoja. Baba yao alipokufa aliwaachia chemchemi moja tu. Mkubwa akasema ni yangu, mimi nilitangulia kuzaliwa. Mdogo akasema ni yangu, mimi ndiye niliyemuuguza mzee. Wakagombana mpaka wanyama wakahama pale. Mwisho wakamwendea binadamu mmoja, mchonga mawe, wakamwambia, tuamulie. Yule bwana alikuwa na kazi zake, kelele zimemchosha. Akawaambia gaweni nusu kwa nusu, akajenga ukuta katikati ya chemchemi. Kesho yake maji yakakauka pande zote mbili."

"Ehe?"

"Likabaki tone moja. Mkubwa kalishika huku, mdogo kalishika huku, hakuna aliyekubali kuachia. Likakaukia mikononi mwao, likawa jiwe. Zambarau ya mkubwa, njano ya mdogo. Na wenyewe wamo humo humo, wanamsubiri mtu atakayewapa maji kwa kinywa chake, ili awe hakimu wao upya."

Akageuka kumtazama fundi, akamkuta analilamba.

Naomba nieleweke. Wakata vito wote hulamba. Si uchafu, si ushirikina. Jiwe ghafi lina ngozi yenye ukungu, na ukililowesha ile ngozi huwa kama kioo, ukaona moyo wake. Bakuli la maji lilikuwa pale pale mezani, lakini ulimi uko karibu zaidi, na mkono wa fundi ulikwishazoea kupeleka jiwe mdomoni kabla akili haijaulizwa. Hata hadithi alikuwa akiisikiliza nusunusu.

"Umelilamba?" dalali akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mawe yote nalamba."

"Nimekwambia hivi sasa hivi!"

"Najua, nimesikia. Majini, chemchemi, najua. Ninyi madalali mna maneno." Akalifuta jiwe kwenye shati. "Njoo Jumamosi, utalikuta limekatwa."

Dalali akainuka. Alivaa viatu vyake bila kufunga kamba, akaondoka, na kitambaa chake akakisahau mezani.

Kazi ikaanza, na kazi ikakataa. Loo, ilikataa! Fundi alilibandika jiwe kwenye kijiti kwa nta ya moto, kama anavyobandika mawe yote, na likabanduka. Akabandika tena, likabanduka tena. Mara ya nne likashika. Akasaga pande za zambarau, zikatoka safi, akazing'arisha mpaka taa ikaonekana ndani. Akageukia njano. Njano ilipoanza kung'aa akatazama zambarau: imechakaa yote, mikwaruzo mitupu, kana kwamba haikuguswa. Akairudia zambarau. Ilipokubali, njano ikachakaa. Siku mbili nzima mtu na akili zake anazunguka hapo hapo, jasho linamtoka, shingo imemkaza, anaitukana mashine, anautukana umeme, anamtukana na aliyebuni rangi. Vumbi la jiwe nalo halikutua lilivyopaswa. Vumbi la zambarau lilikaa kushoto kwa meza, la njano kulia, na katikati pakabaki mstari msafi, mwembamba.

"Lirudishe," mkewe akamwambia.

"Nilirudishe nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa?"

"Ndiyo. Ni neno fupi tu."

"Mama Kasuku, najua ninachofanya."

Asubuhi ya tatu ndiyo chai ikapoa upande mmoja.

Ule mstari wa mezani ukashuka sakafuni. Mkewe aliuona wakati anapiga deki: kushoto sakafu inatoa unyevu, huku kulia maji ya deki yanakauka kabla tambara halijapita. Ulitoka kiwandani, ukapita chini ya mlango wa jikoni, ukakatisha korido, ukaingia chumbani kwa Kasuku na kupita chini ya kitanda chake katikati kabisa. Ukisimama kushoto unasikia harufu ya tope bichi, ya kisima kilichofunikwa miaka mingi. Ukivuka kulia, harufu ni ya jiwe lililoungua juani. Gauni la mteja alilolitundika kwenye korido lilikuwa limepauka nusu, na nusu nyingine imeota ukungu. Mkewe alilishika lile gauni akakaa nalo chini, akalia kwa hasira, maana lilikuwa la siku tisa za kazi.

"Hamisha kitanda cha mtoto," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

Wakakihamisha mpaka dirishani. Saa moja baadaye ule mstari ulikuwa umepinda koridoni, umekifuata, umepita tena katikati.

Hapo ndipo ulipomfikia Kasuku mwenyewe.

Ilikuwa mchana kweupe, karibu saa nane, jua linawaka, redio ya jirani inaimba. Kasuku alikuwa amekaa chini na rangi zake za kuchorea. Mama yake akamtania kitu, sijui kuhusu paka, na mtoto akacheka. Akacheka upande mmoja. Nusu ya uso wake, ya kulia, ilicheka kama kawaida, shavu limejaa, jicho limefumba, kishimo kimeingia. Nusu ya kushoto haikuwa inacheka, ilikuwa imetulia na inamtazama mama, inamtazama kwa jicho lililo wazi la mtu mzima aliyechoka kusubiri.

Mama alimshika mikono. Wa kulia ulikuwa moto kama chungu kilichotoka jikoni. Wa kushoto ulikuwa baridi.

"Kasuku? Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi," akasema Kasuku kwa sauti yake. Kisha pembe ya kushoto ya mdomo ikafunguka peke yake, na ikatoka sauti nyingine, nzito, ya kike, yenye maji maji kooni. "Mwite hakimu."

Na pembe ya kulia ikadakia, kavu, ya kukwaruza: "Usimwite kwa ajili yake. Mwite kwa ajili yangu."

Walimkimbiza hospitali. Daktari, kijana mchangamfu, akaweka kipimajoto kwapa la kulia: homa kali ya kutisha. Akaweka la kushoto: akakipiga piga kipimajoto kwenye kiganja, akakitazama tena, akaenda kuleta kingine. Cha tatu alikitupa kwenye droo.

"Vifaa vyetu vina matatizo," akasema.

"Daktari, mguse tu," mama akamsihi. "Mguse huku, kisha huku."

Daktari akanyoosha mkono, akaurudisha. Nadhani aliona ile nusu ya uso ikimtazama. Aliandika dawa ya homa, akawaambia wampe maji mengi. Maji mengi! Mama wa watu akatoka pale anasaga meno. Fundi njia nzima alikuwa akieleza kwamba hiyo ni mishipa, kwamba kuna mishipa ya kushoto na ya kulia, kwamba anajua, amewahi kusikia. Mkewe akasimama katikati ya barabara na mtoto mgongoni.

"Baba Kasuku, nakuomba. Ukisema 'najua' mara moja tu tena leo, nitapiga kelele hapa watu wajae."

Fundi akanyamaza. Na aliponyamaza, hofu aliyokuwa akiifukia kwa maneno ikamjaa yote.

Alilibeba jiwe mpaka kwa dalali. Dalali akazungumza naye kupitia mlango uliofungwa. "Nilikuletea jiwe ukate, ndugu yangu. Sikukuletea ulambe. Hao sasa ni wageni wako." Fundi akaliacha jiwe kizingitini, akaondoka mbio. Alipofika nyumbani alilikuta kwenye kisahani cha sabuni, limelowa. Akalitupa shimoni, chooni, kwenye lori la mchanga lililokuwa linapita. Mara zote tatu lilimtangulia nyumbani. Mara ya tatu alikaa kitako kando ya kisahani cha sabuni akajipiga piga kichwa, si kwa huzuni, ni kwa kuchoka tu kushindwa.

Na mle chumbani kesi ilikuwa inaendelea, mchana wote na kesho yake pia, sauti ya majimaji na sauti ya ukavu zikipokezana katika kinywa kile kimoja cha mtoto, hii ikisema mimi nilizaliwa kwanza, ile ikisema mimi nilimwosha miguu, hii ikisema ulimwosha ukiwa na tamaa, ile ikisema wewe ulikuwa wapi, maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, maneno yaliyosemwa mara nyingi mno hata yenyewe yamechoka, na kila yakifika mwisho yanasimama, jicho la kushoto na jicho la kulia yanamgeukia fundi kila moja kwa wakati wake, na zote mbili zinasema kwa pamoja, kwa uchovu unaotia baridi mifupani, "Tuamulie." Katikati ya zamu zao, kwa sekunde mbili tatu, ilisikika sauti ya Kasuku mwenyewe ikiomba maji.

Mkewe ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa bibi kizee mwenye pumu, anayetembea na kiti chake cha kukunja, na tangu mlangoni alikuja akilalamika: jua, vumbi, ngazi tatu za baraza. Akamtazama mtoto kidogo. Kisha akamgeukia fundi.

"Toa ulimi."

Fundi akautoa. Ulikuwa na mstari katikati, zambarau huku, njano huku.

"Huyu wa nne," bibi akasema, akakunjua kiti chake akakaa. "Wa nne! Hivi ninyi wakata mawe mna nini? Maji mnayo, tambara mnalo, lakini hapana, lazima mlambe. Watu wazima na ndevu zenu, mnalamba mawe kama mbuzi waliokosa chumvi."

"Bibi, mwanangu..."

"Mwanao wamemchukua kuwa kinywa. Wao walitaka mahali pa kusemea, wakachagua anayesema sana. Wewe ndiye hakimu. Uliwapa maji ya kinywa chako, sasa wanadai hukumu."

"Basi nitawapa! Najua la kusema. Nitamwambia mkubwa..."

Bibi akampiga fimbo ya goti. "Hujui! Ukimpa mkubwa, mdogo atamuunguza mtoto. Ukimpa mdogo, mkubwa atamzamisha akiwa amelala kitandani. Na ukigawa nusu kwa nusu, ndiyo mbaya kuliko zote, maana hiyo hukumu walishapewa, na unaiona iliyowafanya. Watakachogawana safari hii si chemchemi." Akavuta pumzi kwa taabu. "Hakimu asiyetoa hukumu si hakimu. Utaliweka jiwe mdomoni, utakaa na mtoto, watasema wee, na wewe utafunga kinywa mpaka jua lizame. Hata mtoto akikuuliza jina lako, usijibu. Jua likizama bila hukumu, wamekukosa. Watarudi jiweni wamsubiri mpumbavu mwingine, nami nitalifukia ninapojua."

"Nitajuaje limezama?" Dirisha la chumba, nalo, lilitazama ukuta.

"Mimi nitakaa nje kwenye kiti changu nalitazama. Likizama nitagonga mlango mara tatu. Mara tatu, umesikia? Kabla ya hapo, wewe ni bubu."

"Sawa, naj..." akaanza. Mkewe akamtazama. Fundi akaliweka jiwe mdomoni.

Walianza saa tisa. Bibi nje, fundi kwenye kigoda mbele ya kitanda, mkewe amesimama kwenye kona na kanga kaiuma kwa meno asilie. Na sauti zikaanza, zikijua nazo kwamba muda unakwenda, zikaacha maneno yao ya zamani na kumrudia yeye, ile ya majimaji ikimwambia hakimu unaona mtoto anavyohema, sema neno moja tu tumwache, ile kavu ikimwambia wewe si ndiye mtu anayejua, mtaa mzima si unasema unajua, leo umekuwaje, au ulikuwa unadanganya watu miaka yote hii, na jiwe mle mdomoni likawa linachoma shavu moja na kugandisha jingine, machozi yanamtiririka fundi mpaka kifuani, mishipa ya shingo imemtoka kwa kuyazuia majibu, maana majibu alikuwa nayo, jamani, alikuwa nayo kumi, kila swali lilipokuja jibu lake lilipanda lenyewe mpaka nyuma ya meno, naye akaling'ata, akaling'ata, akaling'ata.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Zile sauti zikaanza kufifia. Zikawa za kunong'ona, halafu za kulalamika tu bila maneno, halafu kimya. Mama akasogea akamgusa mtoto mkono wa kushoto: vuguvugu. Wa kulia: vuguvugu. Harufu ya tope ikakatika. Sakafuni ule mstari ukawa unafifia. Chumba kilikuwa kimeingia giza, ukuta wa jirani hauonekani, na mama akanyoosha mkono akawasha taa.

Kasuku akafumbua macho. Yalikuwa macho yake, yale yale, meusi. Akajinyoosha. Akamtazama baba yake na mashavu yake yaliyovimba, akacheka, pande zote mbili.

"Baba, umekula nini?"

Fundi alicheka kwa pua, huku analia. Akatazama dirisha jeusi. Jua limezama, akajiambia. Najua limezama, kile kizee kimesinzia kwenye kiti chake. Akalitema jiwe kwenye kiganja. Mkewe kwenye kona akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha mlango: bado, bado hajagonga. Fundi akampungia mkono kumtuliza, kama anavyompungia siku zote.

Kasuku akaweka mikono kiunoni pale pale kitandani.

"Baba, mimi ni wa nani?"

Siku tatu alikuwa hajalisikia swali hilo. Jibu lilitoka kabla hajalifikiria, kama mkono unavyopeleka jiwe mdomoni.

"Nusu wangu," alisema, "nusu wa mama yako."

Mkewe akapiga ukelele.

Upepo ukapita nje, ukasukuma wingu zito lililokuwa limeliziba jua, na juu ya ukuta wa jirani ikaonekana nuru ya jua, nyekundu, bado ipo. Kisha ikashuka. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Nusu kwa nusu," zikasema zile sauti mbili, si kwa hasira tena, bali kwa raha ya watu waliotua mzigo. "Ahsante, hakimu."

Bibi aliingia, akamtazama mtoto, akakunja kiti chake. Hakumgombeza mtu. Alipofika mlangoni alisema pumu inambana, akaondoka bila jiwe.

Jiwe lenyewe lipo bado kiwandani. Halina rangi sasa, ni jeupe kama kipande cha chupa, hakuna anayelitaka. Nyumba haina tena mstari, na chai inapoa kote kwa wakati mmoja. Kasuku anakwenda shule, anakula, anakua. Jicho lake la kushoto ni zambarau na la kulia ni njano. Baba akimwita, hugeuka upande mmoja tu wa uso. Mama akimwita, hugeuka ule mwingine. Jioni hukaa kitandani kimya, viganja vimefumbatana kwa nguvu, cha kushoto kinakivuta cha kulia na cha kulia kinakivuta cha kushoto, na haulizi swali lolote.

Fundi hakati vito tena. Juzi mpita njia alimuuliza njia ya sokoni, mahali anapopita kila siku, naye akainamisha kichwa. Watu wakadhani anatania.

Jioni hiyo hiyo mkewe alisimamisha cherehani. Alikuwa ameangalia ule mlango wa chumba cha mtoto kwa muda mrefu.

"Baba Kasuku," alisema polepole. "Huyu nusu ni wa mkubwa. Nusu ni wa mdogo. Wetu sisi yuko wapi?"

Fundi aliweka kikombe chake chini.

"Sijui," akasema.